Mkono Mzito, Vidole Vizima: Mama Kine Anajibu Barua Zenu

*Mama Kine, nakusalimia kutoka Katuba. Mtoto wangu wa pili ana miaka 15. Madaktari walituambia ana miopati ya Duchenne, ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli. Alikuwa akianguka-anguka tangu mdogo, alipofika miaka 11 miguu ikakataa kabisa, sasa yuko kwenye kiti cha magurudumu. Hayo tumekwisha kuyazoea. Kinachoniumiza leo ni mikono. Tonge la bukari (ugali) analishika vizuri, analifinya, lakini mkono unabaki pale pale kwenye sahani, haupandi. Namlisha mimi. Wageni wakija anasema ameshiba, na mimi najua hajashiba. Kaka yangu aliye Ubelgiji ametutumia video ya kijana mwenye mkono wa roboti kwenye kiti chake, anakunywa maji peke yake. Ndugu wanasema tuchange. Je, mkono huo unaponya? Unapatikana hapa Lubumbashi? Na kama haupatikani, fundi wa kuchomelea hawezi kututengenezea kitu?*
*Mama wa Katuba*

Mama wa Katuba, umeandika kwamba analishika tonge na kulifinya. Jibu langu lote linaanzia hapo.

Miopati ya Duchenne haili misuli yote kwa mpigo mmoja. Inaanzia karibu na kiwiliwili: nyonga na mapaja kwanza, ndiyo maana miguu ilitangulia, kisha mabega na sehemu ya juu ya mikono, kisha viwiko. Vidole hubaki na kazi miaka mingi baada ya bega kuchoka. Kwa hiyo kijana wako ana vidole vizima mwishoni mwa mkono asioweza kuubeba. Na mkono una uzito kuliko tunavyodhani: kwa binadamu wa kawaida, mkono mmoja ni kama asilimia 5 ya mwili wote. Kama mtoto ana kilo 40, kila mkono wake ni kama kilo 2. Tonge halimshindi. Zinazomshinda ni hizo kilo mbili.

Jaribu jambo hili jioni ya leo, kabla ndugu hawajatoa hata franka moja. Mkalishe wima, ukae pembeni yake. Tia kiganja kimoja chini ya kiwiko chake na kingine chini ya kifundo cha mkono. Ubebe mkono wake wote, lakini usimsukume wala usimwonyeshe njia. Mwambie apeleke vidole mdomoni. Mkono ukisafiri, hata polepole, hata kwa kutetemeka, ujue nguvu ya kuuongoza bado anayo, amekosa ya kuubeba tu. Kijana wa namna hiyo anasaidiwa sana na resori (springi) au mipira ya kuvutika. Usiposogea kabisa ingawa umeubeba wote, au kiwiko kikiwa kimekaza hakikunjiki, resori peke yake haitamfikisha, na hapo ndipo moteri zina maana.

Ninapofanya jaribio hili naangalia sana uso wa mtoto. Wengi hawajagusa pua zao wenyewe kwa muda mrefu. Vidole vikifika, kitu cha kwanza wanachofanya ni kujikuna. Chakula kinafuata baadaye.

Sasa tuje kwenye video. Watu wanasema "mkono wa roboti" kwa vitu vitatu vilivyo mbali sana, hata kwa bei.

Cha kwanza hakina umeme wowote. Ni chuma chenye viungo kinachofungwa kwenye kiti, mkono unalala juu yake, na resori au mipira inabeba uzito. Vifaa vya aina hiyo ni vya zamani, watu walioachwa na mikono dhaifu na polio walivitumia tangu katikati ya karne iliyopita. Kinachojulikana zaidi siku hizi kinaitwa WREX, kilibuniwa na mhandisi Tariq Rahman na wenzake katika hospitali ya watoto ya Wilmington, jimbo la Delaware, Marekani. Kinafanya kazi kwa mipira. Mtoto akikua na mkono ukaongezeka uzito, wanaongeza mpira mmoja, basi. Baadaye walianza kutengeneza vipande vyake kwa plastiki, kwa mashine ya kuchapa vitu, ili kiwe chepesi hata mtoto mdogo akivae kama fulana na kutembea nacho.

Cha pili kinafanana na hicho, ila kina moteri. Kuna kihisio kinachotambua msukumo mdogo sana wa mkono, na moteri inaongezea pale ambapo misuli imeishiwa. Huko Uholanzi wahandisi wa mradi wa Flextension wamefanya kazi hiyo hasa kwa ajili ya vijana wenye Duchenne.

Cha tatu, na kwa jinsi ulivyosimulia nadhani ndicho alichotuma kaka yako, ni mkono kamili wa mashine unaosimama kando ya kiti. Mkono wa mtoto haupandi kabisa, unabaki mapajani, vidole vinasukuma kijiti cha kuongozea, na mashine ndiyo inayoshika gilasi. Maarufu kati ya hiyo ni Jaco, wa kampuni ya Kinova ya Quebec, Kanada, iliyoanzishwa mwaka 2006. Historia yake inanigusa. Mwanzilishi wake, Charles Deguire, alikulia katika familia yenye wajomba wagonjwa wa misuli, na mmoja wao alikuwa amejitengenezea mkono wa mashine ili ale mwenyewe. Jina Jaco ni la mjomba huyo. Kwa hiyo usiogope kuuliza kama kitu kinaweza kuanzia nyumbani. Kimekwisha kuanzia nyumbani kwa watu wengine.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoponya. Ugonjwa unaendelea, kifaa kinamrudishia kijana kazi alizonyang'anywa, kwa muda ambao vidole vipo. Muda huo ni mrefu, na una thamani kubwa.

Kuhusu kuchanga, nitakuambia wazi kama ningemwambia dada yangu: msinunue Jaco. Bei yake ni makumi ya maelfu ya dola. Unakula umeme kutoka batri ya kiti cha umeme, kwa hiyo mngenunua kiti hicho pia, halafu mngoje delestaji (umeme kukatwa kwa zamu) iishe ndipo mchaji. Kiungo kimoja kikiharibika kwa vumbi letu jekundu la Agosti, hakuna fundi wake hapa, mtaupeleka wapi? Vile vya mipira ni nafuu zaidi lakini navyo, vikinunuliwa ng'ambo, vinafika maelfu ya dola kabla hata ya forodha.

Na kuna jambo ambalo sioni likisemwa. Mashine hiyo ilitengenezwa kwa mtu anayekula kwa uma na kijiko. Inashika kijiko vizuri. Sisi tunakula bukari. Bukari linataka vidole vinavyohisi moto wake, vinavyolifinya, vinavyolitia shimo dogo la kuchotea sombe (kisamvu), na hivyo vidole kijana wako anavyo! Mashine ya vidole vitatu vya plastiki haitafanya kazi hiyo vizuri kuliko yeye. Anayehitaji kubebewa uzito tu abebewe uzito, aachiwe vidole vyake. Ndiyo maana kwa watoto wetu napenda mipira kuliko roboti, na ningependa hivyo hata kama pesa ingekuwepo.

Kwa hiyo ndiyo, fundi wa kuchomelea anaweza. Lakini kwanza tutengeneze namna anavyokaa, maana hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Kama mgongo unalala upande, mkono mmoja unatumika kama nguzo ya kumzuia asianguke, na mkono ulio nguzo hauwezi kula. Tia ubao mgumu chini ya mto wa kiti ili makalio yasizame. Nyayo zikanyage kitu. Pande zote mbili za mbavu ziwe na mito migumu ya kumshika. Kisha meza: ipande hadi karibu na kwapa, na iguse kifua. Watoto kadhaa niliowaona walianza kula wenyewe kwa kupandishiwa meza tu, kwa sababu kiwiko kikipata pa kuegemea juu, safari ya kwenda mdomoni inakuwa fupi na mkono unazunguka badala ya kunyanyuliwa. Sahani nayo uipandishe juu ya sufuria iliyofunikwa. Kikombe kiwe cha plastiki nyepesi, au mrija mrefu ili kikombe kisinyanyuliwe kabisa.

Hayo yakishindwa, mwite fundi. Mwambie achomelee nguzo ya bomba jepesi nyuma ya kiti, ipande hadi juu sana ya kichwa cha mtoto, ikunjike mbele kama ndoano juu ya bega. Isifungwe mezani, maana kiti kikisogea mkono utavutwa. Kutoka juu zinashuka kamba mbili zenye vitanzi vya kitambaa kipana: kimoja chini kidogo ya kiwiko, kingine kwenye kifundo, kiganja kibaki huru. Katikati ya kamba na kitambaa ndipo panakaa mpira. Chukua ule mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, uliokatwa vipande virefu, ambao wauza makala (makaa) wanafungia magunia.

Kuna mambo mawili ambayo fundi hatayajua asipoambiwa. Nguzo ikiwa fupi, mkono utavutwa kurudi katikati kila anapojaribu kuupeleka pembeni, ndiyo sababu nasema ipande juu sana. Na mpira ukiwa mfupi, utavuta kwa nguvu mkono ukiwa chini kwenye sahani, halafu utalegea na kumwacha anapokaribia mdomo, mahali anapouhitaji zaidi. Mpira mrefu uliokwisha kuvutwa tangu mwanzo unabeba karibu sawasawa njia nzima. Ongeza kipande kimoja kimoja. Utajua umefika pale mtoto anapolegeza bega na mkono wake unabaki ukielea katikati ya sahani na mdomo, kama mizani ya sokoni iliyopata uzito wake. Toka hapo nguvu kidogo inaushusha na nguvu kidogo inaupandisha.

Pembeni ya kila mpira ufunge kamba ya kawaida iliyolegea kidogo, ili mpira ukikatika mkono usianguke juu ya sahani ya moto. Mpira ukianza kupasuka-pasuka, badilisha. Baada ya kila mlo angalia ngozi chini ya vitanzi, na ukiona wekundu usioondoka, panua kitambaa. Akisema bega linauma, anapumzika, hakuna mjadala.

Kifaa chochote cha kubeba mkono, hata cha Wilmington, hakifai kwa kiwiko kilichokwisha kukaza. Kwa hiyo kila siku, baada ya kuoga maji ya moto, umnyooshe kiwiko taratibu hadi mwisho wake, umgeuze kiganja kiangalie juu (mwendo huu ndio unaopotea mapema, na bila huo tonge haliingii mdomoni), umnyooshe kifundo na vidole. Kwa upole, mkiongea. Na watu wa nyumbani wasimnyanyue kwa kumshika kwapani, mabega hayana tena misuli ya kuzuia, atawateleza. Mkono mmoja nyuma ya mgongo, mwingine chini ya mapaja, au watu wawili.

Fedha za ndugu zina kazi. Moyo wake upimwe, kwa sababu moyo nao ni msuli na Duchenne inaufikia, pamoja na pumzi. Muulize daktari kuhusu prednisone: ni dawa inayopunguza kasi ya kudhoofika, mikono ikiwemo, lakini inatolewa na kufuatiliwa na daktari, na haikatizwi ghafla. Na siku yoyote akihitaji operesheni, hata ndogo, mwambie daktari wa usingizi kabla ya yote kwamba huyu ana Duchenne. Dawa iitwayo suksinilkolini, na gesi za kulaza, zinaweza kumsimamisha moyo. Andika hilo kwenye karatasi, lifungwe kwenye kiti chake.

*Mama Kine, mimi ni mjomba wa mtoto mwenye ugonjwa kama huo, tuko Kenya. Ndugu za shemeji yangu wanasema ugonjwa umetoka ukoo wetu, kwamba dada yangu ana laana, na wanataka mtoto afungishwe chakula siku kadhaa kwenye nyumba ya maombi. Nifanye nini?*
*Mjomba*

Papa, mtoto asifungishwe. Mwenye misuli inayokwisha akinyimwa chakula anapoteza na ile iliyobaki, na kama anatumia prednisone, kuikosa ghafla kunaweza kumwua. Maombi wayafanye nyumbani, mtoto akiwa ameshiba.

Kuhusu ukoo, wanashika kipande kimoja cha ukweli na kukitumia kumpiga mwanamke. Mwili unahitaji protini iitwayo distrofini ili misuli isichanike inapofanya kazi. Maelekezo ya kuitengeneza yako kwenye kromosomu ya X, na mvulana anapata X yake moja tu, kutoka kwa mama. Wasichana wana mbili, nzuri inafunika mbovu, ndiyo maana wanaougua karibu wote ni wavulana. Lakini karibu theluthi moja ya watoto hawa wamepata hitilafu hiyo upya, mama zao hawana. Na mama aliye nayo hakuichagua, kama mumewe asivyochagua rangi ya macho yake. Imeelezwa kitaalamu tangu mwaka 1987, haijaandikwa na mchawi wala na dada yako. Kwa hiyo nenda kwa shemeji, ukae naye ana kwa ana, umweleze hayo. Wewe mwanaume wa ukoo ndiwe wanayeweza kukusikiliza.

Dada yako akipata nafasi apimwe moyo, kwa kuwa wanawake wenye hitilafu hiyo nao moyo wao unaweza kudhoofika. Na kama ana mabinti, wakikua waambiwe, kabla hawajaolewa, na mtu anayewapenda.

*Mama Kine, niko mwaka wa tatu Polytechnique (uhandisi), Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kampasi ya Kasapa. Binamu yangu ana miopati, mikono imeanza kuchoka. Mimi na wenzangu tuna moteri ndogo za servo na kadi ya Arduino (kompyuta ndogo ya kuziongoza). Tunataka kumtengenezea mkono wenye moteri. Tuanzie wapi?*
*Mwanafunzi*

Mwanangu, nimefurahi sana na barua yako. Hesabu yenu ianze na mkono wa binamu, moteri zifuate. Tuseme mkono ni kilo 2 na uzito wake umekusanyika kama sentimita 25 kutoka bega ukiwa umenyooshwa. Zidisha: ni kilo-sentimita 50, na hapo hujaongeza kikombe. Servo ndogo zinazouzwa kama za kilo-sentimita 20 hazifiki hata nusu. Zaidi ya hayo, moteri inayobeba mkono hewani inakula batri muda wote, hata mtu akiwa ametulia anatazama mpira. Resori inabeba bure. Kwa hiyo uzito wote wa mkono upeni resori au mipira kama nilivyomweleza mama wa Katuba hapo juu, na moteri iwe na kazi moja: kuongeza au kupunguza mvuto wa resori pale anaposhika kitu kizito au anapokiachia. Hilo ndilo resori peke yake haliwezi, maana halijui kama mkononi mna chupa au hamna kitu.

Kuongoza kuwe kwa vidole. Vijiti vya kuchezea michezo ya video vinafaa, mkilegeza resori iliyo ndani yake, kwani kwa binamu yako ile ni ngumu. Kitufe cha kuzima kikae chini ya kidole ambacho hakitoki mahali pake. Msikiweke begani wala juu ya meza, hatakifikia siku atakapokihitaji. Karibu na uso mashine iende polepole kuliko mnavyoona inafaa. Na mtu wa nyumbani aweze kuusukuma mkono kwa nguvu ya kawaida, moteri ikiwa inawaka au imezimwa.

Kabla ya kukata chuma, mwulizeni anataka kufanya nini kwanza. Mnadhani atasema kula. Huenda akasema kufukuza mbu, au kusukuma karata mezani pamoja na wenzake, na kila jibu linadai umbo jingine la kifaa: mbu wanataka mkono upande upesi na juu, karata zinataka uende mbali na chini. Pimeni kwa mita jinsi vidole vyake vinavyosafiri pale mnapombebea mkono kwa viganja, mchore, ndipo mchague viungo. Rulema (beringi) za magari mabovu zinatosha kwa viungo vya kuzunguka, zioshwe kwa petroli hadi zizunguke bila kukwaruza, kwa sababu mkwaruzo mdogo usiouhisi wewe unamshinda yeye.

Kisha msimfunge yeye kwanza. Fungeni chupa ya maji ya lita 2 mahali pa mkono, ipande na kushuka siku nzima, na mara kwa mara mmoja wenu achomoe waya wa batri chupa ikiwa katikati ya safari, muone kama inabaki ikielea au inaanguka.